Maneno Kumi na Mawili Ukutani

Karatasi ilibandikwa juu ya meza ya kubadilishia nepi katika kitalu cha watoto, kimo cha macho ya mlezi. Upande wa kushoto maneno kumi na mawili ya Kiswahili kwa kalamu nyekundu: maji, njaa, mkojo, nibebe, inauma, baridi, njoo, basi, usingizi, tena, sitaki, mama. Upande wa kulia Kijerumani chake. Aliyeiandika alikuwa mhadhiri msaidizi wa isimu kutoka Tanga, aliyefika Bayreuth, kaskazini mwa Bavaria, Oktoba 2016 kwa utafiti wa shahada ya uzamivu. Mkononi alikuwa na begi moja, mgongoni mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa amefungwa kwa kanga.

Mtoto huyo alirithi jina la babu mzaa mama, kwa hiyo kwa desturi za kwao mama yake humwita "baba". Walezi wa kitalu waliposikia mwanamke mzima akimwambia kitoto chenye nepi "baba, vaa viatu," walitazamana. Wakaelezwa. Kuanzia hapo nao wakawa wanamwita Baba.

Kupata nafasi kwenyewe kulikuwa shughuli. Tangu Agosti 2013 sheria ya Ujerumani inampa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kulelewa katika kitalu, lakini haki ni kitu kimoja na kiti kitupu ni kingine. Barua mbili za "samahani, tumejaa" zilifika kabla ya ile ya tatu. Kwa wiki tano za mwanzo mama alisoma usiku, mtoto akilala. Mchana walizunguka na kigari mitaani, chini ya kile kilima chenye jumba la opera la Wagner, ambalo mtoto aliliita "nyumba ya treni" kwa sababu anazozijua mwenyewe. Tanga kuna bibi, kuna shangazi, kuna dada wa kazi, kuna jirani wa kumwambia "niangalizie huyu mara moja." Huku jirani ni mlango uliofungwa na jina juu ya kengele.

Kitalu nacho hakimpokei mtoto kwa kumtupa getini. Siku tatu za kwanza mama alitakiwa kukaa pembeni kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni, asimwite wala asimfukuze. Siku ya nne akatoka nje ya chumba kwa dakika chache. Wenyewe wana jina la utaratibu huo, Eingewöhnung, na hawana haraka nao hata kidogo: zilipita wiki mbili na nusu ndipo Baba akaachwa hadi baada ya chakula cha mchana. Saa za malezi huko Bavaria huandikwa kwenye mkataba, nawe hulipia ulizoandika. Mama aliandika saa sita kwa siku. Tasnifu nzima iliandikwa ndani ya saa sita hizo, ukitoa dakika za kwenda na kurudi kwa basi.

Ile karatasi ndiyo iliyofanya kazi ya ukalimani. Mlezi mmoja, mama wa makamo, alijifunza kutamka "nibebe" vizuri kuliko wanafunzi wengi wa Kiswahili.

Krismasi ilipopita, mambo yakaanza kugeuka. Neno la kwanza la Kijerumani kutoka kinywani mwa Baba lilikuwa "nochmal", yaani tena, akiwa kwenye bembea. Halafu yakaja ya chakula, ya magari, ya theluji. Mwezi wa pili akasema, "Mama, wo viatu vyangu?" Mwanaisimu alifurahi hadi akaandika daftarini: neno la kuulizia limekuwa la Kijerumani, ila ngeli imesimama pale pale. Viatu, vyangu. Mwezi wa nne ikawa "mein viatu". Hapo hakuandika kitu. Wiki hiyo hiyo mlezi aliibandua karatasi ukutani, kwa kuwa hakuna aliyeihitaji tena.

Kilichomuuma mama zaidi kilikuwa shikamoo. Miezi ya kwanza Baba alikuwa na adabu ya kupindukia: wazee wote kituo cha basi waliipata "kamoo" yake, nao wakamjibu kwa kumpungia. Mwenye kuitikia "marahaba" akakosekana. Ni siku moja tu, kwenye korido za chuo kikuu, ambako Kiswahili kinafundishwa na ambako tangu miaka ya 1980 wataalamu hukusanyika kila mwaka kwa kongamano la Kiswahili, ndipo mhadhiri mmoja Mjerumani alipoinama na kuitikia "marahaba, hujambo?" Mtoto alikimbilia nyuma ya gauni la mama yake. Alikwishazoea kwamba watu weupe hawajui jibu.

Salamu isiyoitikiwa hukauka. Kufikia kiangazi, bibi alipopiga simu ya video kutoka Chumbageni, Tanga, alipokelewa kwa "Hallo, Oma!"

"Oma ndiye nani?" bibi aliuliza.

"Ni wewe, mama. Ndiyo bibi kwa lugha yao."

"Mlisema mnakwenda kusoma. Hamkusema mtoto mnamwacha huko huko."

Mama alicheka, kisha usiku hakulala. Alitaka kumwambia bibi kwamba yeye mwenyewe husema Kijerumani kila siku: neno "shule" walilileta wakoloni wa Kijerumani, waliofungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na "hela" ni sarafu yao, heller, iliyoingia 1904. Hakusema. Si kila ukweli wa darasani unafaa kuambiwa mzazi.

Badala yake aliweka sheria. Wakishavuka mlango na kuvua viatu, ni Kiswahili tu. Akamtafuta mama mwenzake, Mkongo kutoka Bukavu, mwenye wasichana wawili, wakawa wanapokezana watoto kila Jumamosi. Kiswahili cha Bukavu si cha Tanga: Baba alirudi akisema "aksanti" na "mutoto", na ngeli zake zilizidi kuvurugika. Mama alivumilia. Watoto watatu waliogombania mwanasesere kwa Kiswahili chochote walimfaa zaidi kuliko kamusi nzima ya mama yake, na hadi leo mama huyo anaamini ndicho kilichookoa kilichookolewa.

Walirudi Tanga Machi 2018. Wiki ya kwanza Baba alikaa barazani akiwasemesha binamu zake kwa Kijerumani, nao wakimtazama kama redio iliyoharibika. Alipoona hawamrushii mpira, aliacha. Idd el-Fitr ilipofika katikati ya Juni, alizunguka nyumba kwa nyumba na kanzu yake, akitoa shikamoo na kupokea hela, na hapakuwa na neno la Kijerumani lililosikika siku nzima. Lugha iliyochukua miezi saba kuingia ilitoka kwa mitatu.

Siku ya kuaga Bayreuth, kitalu kilikuwa kimemkabidhi Baba faili lenye picha zake na michoro yake, na mlezi yule alitia ndani ile karatasi ya maneno kumi na mawili, kingo zake zikiwa bado na alama za gundi. Faili liko kabatini Chumbageni. Akiwa darasa la pili Baba alilitoa, akasoma safu ya kushoto yote kwa sauti, bila kukosea. Ya kulia ilimshinda.