Moto wa Chumbani Eldoret

Atokaye Mombasa kwenda Eldoret hupanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwili huutambua mwinuko huo kabla ya akili. Tulipofika huko mwezi wa Julai, maji ya udhu wa alfajiri yaliuma vidole, na vijana wetu waliokwenda kusoma na kufanya biashara walikuja msikitini wamevaa majaketi juu ya kanzu. Usiku joto hushuka karibu na nyuzi 10.

Wenyeji wa zamani waliijua baridi hiyo na wakaijengea. Katika nyumba za msonge, moshi wa kuni ulijipenyeza kwenye nyasi za paa. Walowezi nao walijenga meko ya ukutani yenye dohani. Lakini vyumba vingi vya kupanga vya leo havina dohani wala paa la nyasi. Jioni dirisha hufungwa, kisha jiko la makaa likaingizwa ndani.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na wazazi wa pwani. Kwetu jiko hukaa uani, upepo wa bahari ukipita. Hata chetezo cha udi sebuleni ni makaa mawili matatu tu, na madirisha wazi. Kijana aliyelelewa hivyo hudhani hatari imo katika moshi, naye huona makaa yaliyokolea hayana moshi. Huo ndio mtego wenyewe. Makaa hayo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, mwili hulegea. Na aliyelala huenda asiamke tena. Hata jiko lililofunikwa kwa majivu huendelea kuitoa hewa hiyo.

Mtume (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tulalapo, na alipopewa habari za nyumba iliyoungua usiku mjini Madina, alitutahadharisha kwamba moto ni adui yetu. Wengi wetu tumelichukua katazo hilo kuwa ni kinga ya kuungua tu. Anayelala katika baridi ya Eldoret ana sababu ya pili ya kulishika.

Basi jiko liwashwe nje na libaki nje wakati wa kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo hakumtoshi mtu aliye usingizini. Anayeumwa kichwa karibu na jiko atoke mara moja, na mwenziwe aliyelegea atolewe penye hewa safi na kukimbizwa hospitali.

Blanketi zito lina bei kuliko kopo la makaa, na hapo ndipo mwanafunzi hujinyima. Kwa hiyo, tunapompigia mtoto simu, tusiishie kumuuliza amekula nini. Tumuulize pia usiku anajifunika nini, na jiko lake liko wapi.