Usimfunge Mdomo Jogoo Uliyemkuta

Msomaji, iwapo Jumapili hii hujui pa kuipeleka jamii yako, pandeni matatu hadi Ruiru, kisha mshike barabara iendayo Githunguri. Si safari ndefu. Wape watoto viti vya dirishani, na muwe tayari kutumia macho na pua pia.

Kwanza mtaona majumba ya ghorofa yamebanana, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Mara mtaona mibuni imejipanga mistari kwa mistari. Halafu ghorofa tena, halafu mibuni. Tangu barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa ilipozinduliwa mwaka wa 2012, watu wengi wa Nairobi wamehamia upande huu, na mashamba mengi yamekatwakatwa kuwa ploti. Huko mbele Githunguri ni nchi ya maziwa. Wafugaji wake walianzisha chama cha ushirika mwaka wa 1961, na huenda chai uliyokunywa asubuhi hii ilitiwa maziwa yao.

Njiani kuna boma la mzee mmoja mwenye ng'ombe watano. Huamka saa kumi alfajiri kuwakama, maana gari la maziwa halimngoji mtu. Hatua chache kutoka zizini umesimama ukuta wa jumba la ghorofa nne. Wapangaji wanalalamika: samadi inanuka, nzi ni wengi, na jogoo hawaachi walale. Mzee naye hushangaa. Ng'ombe walikuwapo hapa kabla ya jiwe la kwanza la jumba hilo kuwekwa. Mwanawe anamshauri auze shamba, apumzike na kelele. Mzee bado hajajibu.

Je, nani ana haki? Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inawasikiliza wote wawili. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 43 kinampa haki ya chakula cha kutosha. Haki hizo mbili hukutana hapa penye ua wa mzee.

Usidhani tatizo hili ni la Kenya pekee. Huko Ufaransa, katika kisiwa cha Oléron, jogoo aitwaye Maurice alishtakiwa na majirani waliokuwa na nyumba ya likizo kando yake. Mwezi wa Septemba 2019 mahakama iliamua kwamba jogoo aendelee kuwika, na walalamishi wakaamriwa kulipa Yuro 1,000. Mwaka wa 2021 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Kisha mwaka wa 2024 ikaongeza nyingine: anayehamia kando ya shamba alilolikuta hawezi kumshtaki mkulima kwa usumbufu wake, mradi mkulima afuate sheria na asizidishe usumbufu huo.

Tazama mizani ya sheria hiyo. Haimruhusu mkulima kumwaga uchafu mtoni au kurundika samadi dirishani pa jirani. Inamlinda tu yule aliyetangulia na anayefanya kazi yake sawasawa.

Sisi nasi hatukuachwa mikono mitupu. Sheria yetu ya mipango ya ardhi ya mwaka wa 2019 inataka anayeomba kubadilisha matumizi ya shamba autangazie umma, na wananchi watoe maoni. Hapo ndipo mkulima anapopaswa kusema, kabla ya matingatinga kufika. Aghalabu tangazo hupita bila kusomwa, na ugomvi huja baadaye, wakati wapangaji wamekwisha kuingia.

Basi, msomaji, ukitafuta nyumba upande huu, usiende kuitazama saa nane mchana peke yake. Nenda alfajiri. Sikiliza, nusa, uliza jirani anafuga nini. Ukiona huwezi kustahimili, tafuta kwingine. Ukihamia, mpigie mzee hodi ujijulishe. Akifukia samadi yake vizuri, wewe nawe umvumilie jogoo wake.

Maana mzee huyo akiuza shamba, wapangaji watalala hadi jua lichomoze. Lakini watakapoamka na kutaka chai, maziwa yatatoka wapi?