Pakiti Zinazopotea: Kutoka Tawasifu ya Fundi wa Mitandao

Pakiti inayofika kwenye seva ya Linux hupita vituo kadhaa kabla ya kuifikia programu inayoisubiri: kadi ya mtandao, ringi ya bafa kwenye kumbukumbu ya mashine, kerneli, kisha soketi. Kila kituo kinaweza kuitupa, na kila kituo kina hesabu yake. Mwandishi wa tawasifu hii, katika miaka yake yote kwenye vyumba vya seva vya Dar es Salaam, aliishika kanuni moja: ijulikane kwanza hesabu ipi inapanda, ndipo kitu kiguswe.

Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, ofisi nyingi zilitegemea setilaiti, na kila kilichopotea kiliwekwa mlangoni pa setilaiti. Mkongo ulipofungua njia pana zaidi, lawama zikahamia kwa mtoa huduma. Seva yenyewe ilikaguliwa mwisho, wakati ndiyo iliyo rahisi kuliko vyote kukaguliwa.

Ukaguzi huanza na amri ya ip -s link. Safu ya "dropped" haisemi mengi ikisomwa mara moja, maana inabeba hata ya wiki zilizopita. Husomwa, ikaachwa kidogo wakati wa kazi nyingi, ikasomwa tena. Tofauti ndiyo habari. Kisha huja ethtool -S, yenye hesabu za kadi. Ikipanda rx_crc_errors, ugonjwa uko kwenye kebo, kichwa chake au mlango wa swichi, na hakuna mpangilio wa kerneli utakaouponya.

Katika kituo kimoja cha simu, sauti za wateja zilikatikakatika kila kazi ilipopamba moto. Mtoa huduma alikwisha kulaumiwa. Kwenye kadi ya Intel ya seva hiyo, rx_missed_errors, yaani hesabu ya pakiti zilizokosa nafasi ya kupokelewa, ilikuwa ikipanda, na ethtool -g ikaonyesha ringi ya nafasi 256 ilhali kadi inaweza 4096. Wengi wangeishia hapo. Mwandishi alifungua /proc/interrupts na kukuta interapti zote za kadi, yaani ishara za kuiita prosesa ije ichukue pakiti, zimerundikana kwenye kori moja, nyingine zimekaa bure. Ringi kubwa pekee ingechelewesha tu mafuriko. Interapti zikagawanywa kwenye kori zote, na ringi ikapanuliwa usiku, kwa kuwa kwenye kadi nyingi badiliko hilo hukata mawasiliano kwa muda mfupi. Kesho yake hesabu ilisimama, na sauti zikasikika vizuri.

Ndani ya kerneli, faili la kusoma ni /proc/net/softnet_stat: mstari mmoja kwa kila kori, namba zikiwa za msingi wa 16. Safu ya pili ni pakiti zilizotupwa kwa foleni kujaa. Ya tatu huonyesha mara ambazo kerneli iliishiwa zamu ikiwa bado na kazi. Ya pili ikipanda, netdev_max_backlog huongezwa. Ya tatu, netdev_budget.

Upo pia upotevu usio na madhara, na umewanyima usingizi mafundi wengi bure. Tangu kerneli 2.6.37, "dropped" hujumlisha hata pakiti za itifaki ambazo mashine haizitumii, kama matangazo ya LLDP ambayo swichi hutoa kila mara. Kipimo chake ni kizuri sana: ikiwashwa tcpdump, programu ya kunasa pakiti, hesabu husimama, kwa sababu sasa yupo anayezipokea; ikizimwa, hupanda tena.

Kituo cha mwisho ni soketi. Programu ikichelewa kusoma, pakiti za UDP hutupwa mlangoni pake huku kadi ikionekana nzima kabisa; amri ya nstat huonyesha UdpRcvbufErrors ikiongezeka. Hapo rmem_max, kikomo cha bafa ya soketi, huongezwa, na programu nayo iombe bafa kubwa zaidi. Kama haisomi kwa kasi ya kutosha, kazi hukabidhiwa kwa walioiandika, pamoja na hesabu zilizosomwa.