Korongo Weupe, Wageni wa Tambarare

Ashukaye kutoka Mkuu huacha nyuma migomba na kahawa, na Mawenzi hubaki mgongoni pake. Mbele huona mashamba ya mahindi, na mbali zaidi nchi ya Tsavo, upande wa Kenya. Huko tambarare, mvua za vuli zinapofika, huja ndege wakubwa weupe, wenye mabawa yaliyotiwa weusi, midomo na miguu myekundu. Ndio korongo weupe. Hutembea polepole kama wazee wakaguao mipaka, wakiokota nzige, panzi na viwavi.

Mwezi wa Machi, masika yakikaribia, hutuaga. Huenda wapi? Watu wa Ulaya nao waliuliza zamani ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidhani mbayuwayu hulala chini ya maji. Hata mwaka wa 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, akapatikana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika shingoni, urefu wake kama sentimita 80. Alichomwa huku Afrika, akaruka nao hata kwao. Ndege yule amehifadhiwa mjini Rostock mpaka leo.

Korongo ni mzito, hawezi kupiga mabawa siku nzima. Hungoja jua liipashe nchi moto. Hewa ikipanda, naye hupanda nayo akizunguka, kisha huteleza mbele. Juu ya bahari kuu hewa hiyo haipandi vema. Kwa hiyo hufuata Nile, Sinai na Istanbul. Dume mara nyingi hutangulia kutengeneza kiota cha mwaka uliopita, na jike humfuata. Wenyeji wengine huwawekea gurudumu la gari juu ya paa wapate kujenga.

Basi, wazazi, tuwaonye vijana wenye manati. Korongo auawaye kwetu, kiota chake huko mbali hungojewa bure na mwenziwe. Tena tunaponyunyizia viwavi sumu, tukumbuke kwamba viwavi hao ndio chakula chake. Hasara ni yetu pia, kwa maana wadudu ambao angaliwala watabaki katika mahindi yetu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu huja kila mwaka bila kualikwa, naye hutulindia chakula cha watoto wetu. Tumwache aende salama, apate kurudi.