Urithi wa Damu

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Kwa sababu hiyo, posa ilipoletwa, wazee hawakuharakisha kujibu. Walituma watu wakaulize kwanza: je, ukoo huo una kifafa? Una ukoma? Watu wake ni wavivu au ni wachapa kazi? Baadhi ya hayo, kama ukoma, hayarithiwi katika damu. Lakini msingi wa kuuliza ulikuwa wa hekima. Walakini wake ni kwamba kila upande ulichungulia mlango wa mwenziwe, wala haukuutazama wake.

Katika ukoo wetu alizaliwa mtoto aliyeumwa viungo tangu uchanga, macho yakiwa manjano na damu ikimpungukia mara kwa mara. Wazee wakaamua kwamba mkosi ule umeletwa na mama yake, naye akarudishwa kwao. Baadaye daktari alipima damu ya wazazi wote wawili, akaeleza kuwa maradhi yale ni selimundu, ambayo chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu. Mtoto yule alikuwa amerithi kasoro hiyo kwa mama na kwa baba. Ndugu yangu, mzima wa afya, alikuwa nayo, naye aliipata kwetu. Shemeji aliombwa radhi, lakini hakurudi tena.

Je, kasoro hiyo ilidumu vipi katika koo zetu? Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye mbu wengi, ikawa haba katika nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa ngao ya mababu. Lakini ngao mbili zikikutana katika mwili wa mtoto mmoja, humjeruhi. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Basi, ndugu msomaji, tusiitupe desturi ya kuuliza, tuikamilishe. Wachumba wote wawili wapime damu kabla ya ndoa. Na mtoto akizaliwa mgonjwa, asisakwe mchawi wala asifukuzwe mama. Mtoto apelekwe hospitali. Wahenga walituachia damu yao pamoja na akili ya kuitafakari.