Kasa Mdogo na Majani Aliyoyakataa

Watu wa visiwa vya Lamu wamemjua kasa tangu zamani za kale. Wavuvi wa Kibajuni walikuwa wakimwinda kwa hila ya ajabu: walimfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, wakamwachia majini, naye akaenda akajibandika kwa kasa, ndipo walipoivuta kamba polepole mpaka windo likafika chomboni. Mtu awezaye kazi kama hiyo hapana budi ajue kasa hulala wapi, huibuka vipi, na hula nini. Nao walijua vizuri kwamba kasa mkubwa ni mla majani, ambaye hulisha katika majani ya baharini kama ng'ombe malishoni. Lakini kumjua mzazi si kumjua mtoto wake, na jambo hili lilidhihirika katika nyumba moja ya Shela.

Kijana mmoja wa mji huo, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa akipita ufuoni asubuhi moja baada ya siku kadha za kusi kali. Akamwona kasa mdogo ametupwa na mawimbi, mgongo wake mpana kama kisahani cha chai, naye hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Akamhurumia, akamchukua nyumbani, akamtia katika beseni la maji ya chumvi. Babu yake, aliyekuwa mvuvi kwa muda wa maisha yake yote, alipomwona alisema, "Huyu ni kasa hasa, si ng'amba. Mpe majani, mjukuu wangu. Kasa ni mla majani."

Basi kijana akaleta mchicha, akaukatakata, akautia majini. Kasa hakuugusa. Akaleta kabichi, kisha majani ya kunde, kisha sukumawiki. Yote yakaelea mpaka yakaoza, na maji yakabadilishwa mara tatu kwa siku. Siku ya nne akaenda mwenyewe maji yalipokupwa, akang'oa majani ya baharini yaliyo mabichi kabisa, yale yale ambayo kasa wakubwa huyala. Kasa akayapita kama mtu apitaye mbele ya duka lisilo na haja yake.

Bibi mwenye nyumba alikuwa akisafisha ngisi karibu na beseni, na kipande kidogo kikamponyoka kikaanguka majini. Kabla hakijafika chini, kasa alikuwa amekwisha kukinyakua. Bibi akacheka, akatupa kipande cha pili, nacho kikaliwa vile vile.

Lakini kijana hakufurahi. Akasema, "Bibi, tafadhali usimdekeze. Ukimpa ngisi leo, majani hatayataka kamwe. Samaki mkunje angali mbichi. Akishikwa na njaa atakula."

Bibi akajibu, "Mwanangu, hata wewe ulipokuwa mchanga hukula wali. Ulinyonya."

Neno hilo halikumwingia kijana, wala babu hakulitilia maanani, kwa kuwa katika uvuvi wake wote hakupata kumwona kasa mkubwa akimfukuza ngisi. Basi kasa akanyimwa ngisi kwa muda wa siku sita. Hakulia, kwa maana kasa hana sauti ya kuomba. Wala hakukonda upesi, kwa maana mnyama ambaye damu yake hufuata joto la maji aweza kustahimili njaa muda mrefu. Lakini siku ya saba alikuwa akielea upande mmoja, na macho yake yamezama. Hapo babu akaogopa, akamwita jirani yake mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kulinda mayai ya kasa ufuoni, akamwuliza, "Je, mnyama huyu ana ukaidi gani?"

Jirani akamtazama kasa, akasema, "Mzee wangu, hana ukaidi wowote. Mnampa chakula cha wazee, na yeye bado ni mtoto."

Maelezo aliyoyatoa yafaa kujulikana na kila mtu wa pwani. Kasa aanguliwapo huingia baharini mara moja, akaogelea mpaka maji makuu, akakaa huko miaka kadha pamoja na magugu yaeleayo. Katika miaka hiyo chakula chake kikubwa ni viumbe vidogo vya baharini, kwa sababu mwili unaojengeka wahitaji chakula cha kujenga nyama, nacho ni haba katika majani. Mgongo wake ukifika urefu wa shubiri moja hadi mbili hivi, hurudi karibu na pwani, na hapo ndipo aanzapo kuzoea majani.

Wala mabadiliko hayo si ya ulimi tu. Majani yana nyuzi ngumu ambazo tumbo peke yake haliwezi kuzisaga. Katika utumbo wa kasa mkubwa mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huyachachusha majani na kuyageuza yawe chakula. Vijidudu hivyo huongezeka kidogo kidogo, kadiri mnyama azoeavyo kula majani. Kwa hiyo mtoto wa kasa anayelazimishwa mchicha ni kama mtu aliyepewa mahindi bila ya kinu wala jiwe la kusagia. Kumtia njaa hakumletei kinu.

Tena, hata kasa aliyekomaa ni mchaguzi. Wataalamu waliomchunguza katika bahari ya Karibi wamemwona akikata majani mahali pamoja, kisha akirudi pale pale ili ale machipukizi, kwa kuwa jani changa lina nyuzi chache na nguvu nyingi kuliko jani kuukuu. Mkulima hatashangaa kusikia hayo. Mbuzi wake hufanya vivyo hivyo. Na katika aina tano za kasa zipatikanazo katika bahari ya Kenya, ni huyu mmoja tu ambaye majani ni chakula chake kikuu ukubwani. Ng'amba, ambaye gamba lake lilisafirishwa kutoka pwani hii tangu karibu miaka 2,000 iliyopita, hupenda spanji za baharini, na mwenye kumpa kabichi ataitupa kabichi yake bure.

Nungwi, katika kisiwa cha Unguja, wanakijiji walianzisha mwaka 1993 bwawa la Mnarani, ambalo hujaa na kupungua pamoja na bahari, na humo huwekwa kasa walionaswa nyavuni mpaka siku ya kuachiliwa. Huko mgeni aweza kuona kasa wakubwa wakila mwani mkononi mwa mtu. Mtu akiyaona hayo asidhani kwamba walitiishwa kwa njaa. Umri wao umewafikisha hapo.

Kobe wa nchi kavu ni habari nyingine. Yeye ni mla majani tangu utotoni, kama wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu karibu na mji wa Zanzibar, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kobe akikataa majani, mara nyingi sababu ni mwenye kumtunza, aliyemzoeza ndizi mbivu na nyanya. Dawa yake ni subira: kwanza aachwe aote jua la asubuhi, kwa maana kobe mwenye baridi hana hamu, kisha majani ya namna mbalimbali yakatwe madogo sana, yachanganywe na tunda kidogo, na tunda lipunguzwe siku hata siku. Mfupa wa ngisi ukiwekwa karibu humpa chokaa ya kuimarisha gamba.

Lakini kabla ya kuuliza atakula nini, yafaa mtu aulize kama ana haki ya kumweka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya kuhifadhi wanyama wa pori hairuhusu mtu kumfuga kasa wala kobe bila ya kibali, na adhabu yake si ndogo. Huruma haimwondolei mtu wajibu huo.

Yule kasa wa Shela alichukuliwa siku ile ile na watu wenye idhini. Alilishwa ngisi na samaki wadogo mpaka akapata nguvu, kisha akapelekwa kwa mashua nje ya miamba, akaachiliwa penye magugu yaeleayo. Kijana alikuwamo chomboni. Alimwuliza babu yake, "Itachukua muda gani hata awe mzazi?" Mzee, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuuliza na kujibiwa, akasema, "Miaka 20 haitoshi. Pengine 30 au zaidi. Mimi sitamwona. Wewe waweza kumwona akipanda ufuoni kutaga."

Basi kila amwokotaye kasa aliye dhaifu na asimtie beseni, wala asimtupe tena katika maji yenye kina, maana aweza kuzama. Amweke kivulini, amfunike mgongo kwa nguo yenye maji, aache pua wazi, na apeleke habari upesi kwa maofisa wa wanyama wa pori. Walio wadogo, ambao wametoka mayaini usiku na wana nguvu zao, waachwe watambae wenyewe mpaka baharini. Na kwa wale watakaokua, na wayahifadhi majani ya baharini yasing'olewe na majuya yakokotwayo chini. Kwani siku yao ya kula majani itakapofika, hapana budi majani yawepo.