Siku moja ya kutembea Bruxelles na bwana yangu

Tangu tulipotoka Ubelgiji kumsaidia binti yetu aliyejifungua, wengi mmeniuliza habari za mtoto. Wachache wameniuliza tuliona nini kule. Leo ninawajibu hao wachache.

Jumanne moja binti yetu alitutoa nyumbani. Alisema: « Leo mtoto ni wangu. Baba na mama, nendeni mtembee. » Mimi na bwana yangu tuna miaka 31 ya ndoa. Tumetembea pamoja mara nyingi: kwenda kanisani, kwenye matanga, hospitalini, kulipa minerval ya watoto. Kutembea bila kazi, bado. Tena, tangu alipoachishwa kazi bila kupewa haki zake, bwana yangu alikuwa amepunguza maneno. « Ndiyo, mama. » « Hapana, mama. » Basi.

Tulianzia Grand-Place, uwanja wa kale katikati ya mji. Umezungukwa na nyumba ndefu, nyembamba, zenye marembo ya dhahabu. Mwaka 1695 jeshi la Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, lilipiga mji kwa mizinga, na karibu nyumba zote za pale zikaanguka au kuungua. Waliozisimamisha tena kwa miaka michache ni vyama vya watu wa kazi: waoka mikate, wapika bia, washona nguo, waendesha mashua. Kila chama kilikuwa na nyumba yake. Niliwaza likelemba yetu, ambayo mpaka leo inaomba chumba cha mkutano kwa watu.

Kutoka pale tulipanda polepole hadi Marolles, mtaa wa zamani wa watu wa kazi za mikono. Mwanzoni mwake kuna kanisa la Notre-Dame de la Chapelle. Mchoraji Bruegel, aliyependa kuchora wakulima na karamu zao, alifunga ndoa humo mwaka 1563, na humo akazikwa mwaka 1569. Tulikaa kwenye benchi la nyuma kupumzisha magoti, hatukusema kitu.

Kwenye Place du Jeu de Balle kuna soko la vitu vya kale kila siku. Vinatandikwa chini kama biloko yetu: sahani, picha za ndoa za watu wasiojulikana, masufuria. Niliona mashine ndogo ya kusaga kahawa kwa mkono. Muuzaji alitaka euro 8. Nilifanya kama naondoka, akaniita, nikalipa 4. Bwana yangu alicheka kwa sauti. Sikuwa nimesikia kicheko hicho kwa miezi mingi.

Lifti ya vioo, isiyolipiwa, inatoka Marolles hadi juu kwenye Palais de Justice, jumba kubwa la kutisha. Bwana yangu alitazama mawe yake, akasema: « Hili ni jasho letu. » Lakini jumba lilianza kujengwa mwaka 1866 na kumalizika mwaka 1883, na Léopold II alipewa Kongo mwaka 1885. Jasho la kwetu liko kwenye majengo mengine ya mji huo. Kwa hili, waliolia ni maskini wa Marolles wenyewe: nyumba zao nyingi zilibomolewa, na inasemekana neno « architecte » likageuka tusi midomoni mwao. Bwana yangu alinyamaza kidogo, akasema: « Kumbe hata wao. »

Tukatembea hadi Porte de Namur. Hapo kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliofunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Mbele yake inaanza Matonge, iliyopewa jina la mtaa wa Kinshasa, na watu wetu wamekuwa pale tangu wanafunzi wa miaka ya 1960. Kuna saluni za kusuka, vitenge, makayabu. Lingala imejaa, lakini mama mmoja muuzaji alisikia Kiswahili chetu, akauliza: « Munatoka Bukavu? » Akatuongezea ndizi bila kulipa.

Tulikula sombe kwenye meza ndogo. Hapo ndipo bwana yangu alipoanza kusema. Alisema juu ya baba yake, aliyechimba dhahabu Kamituga wakati wa Wabelgiji na kurudi nyumbani na kifua kibovu. Kisha akasema juu yake mwenyewe: kwamba anaona haya mbele ya wajukuu, kwa sababu mikono yake haileti tena kitu. Nilikuwa nimelala kando ya haya hiyo mwaka mzima bila kujua jina lake. Sikumpa shauri. Nilimpa nusu ya ndizi yangu, akaendelea kusema mpaka jua likashuka.

Wamama, si lazima kupanda ndege. Bukavu pia ina mitaa ya historia. Jumamosi mchana, sisi wawili tunashuka avenyu yetu ya Lumumba kuelekea La Botte, tunatazama nyumba za zamani za wakati mji uliitwa Costermansville. Hatubebi kikapu, hatupitii soko. Dada jirani anabaki na watoto, na wiki inayofuata mimi ninabaki na wa kwake. Aliye na jirani mwema aanze naye wiki hii. Bwana akikataa mara ya kwanza, mngoje, umuulize tena.